Mbao ya darini kwa marehemu ami: mafundi watatu, majina matatu. Mti gani huu?

#1 KijanaWaMtambwe
Asalaam alaykum. Nna mbao imenishinda. Ami yangu (Allah amrehemu) alifariki 2011, nyumba yake ya Mtambwe, Pemba, tulikuwa tumeifunga tu, mwezi uliopita ndo tukaezua bati tutie mpya na huko darini tukakuta mbao moja peke yake imelazwa juu ya boriti, imefunikwa gunia la karafuu. Urefu futi sita kasoro inchi mbili, upana inchi kumi, unene inchi mbili. Nzito hiyo! Tumeishusha watu wawili tukihema, na ami alikuwa mfupi, mie namzidi kichwa kizima, sijui aliipandisha vipi.

Nje imekuwa kijivu kama mbao ya gati. Nimepiga randa kidogo upande mmoja, ndani nyekundu ya kahawia, na kwenye vitundu vyake mna ungaunga mweupe wa kuelekea manjano. Ina matundu manne ya misumari na kila tundu limezungukwa na weusi kama mtu kamwaga wino. Randa imekwisha makali kwa dakika kumi.

Nimewaonesha mafundi watatu. Wa Wete kasema mvule. Wa Chake kasema mninga. Wa Konde hata hakushuka kwenye vespa, kasema mkongo huo, uza. Nataka kumfanyia bi mkubwa, mama yangu, marfaa ya kuwekea msahafu, ile ya ubao mmoja isotiwa msumari wala gundi, sasa naogopa kuanza kukata halafu inipasukie. Picha hizo. Mwenye ujuzi anisaidie.

#2 chaza_mkavu
Waalaykum salaam. Picha umepiga ndani ya gunia?

#3 FundiRanda
Mvule huo, usisumbuke. Alama ya mvule ni hiyo hiyo ulosema mwenyewe, kumaliza makali. Mvule una mawe ndani, wallahi si maneno ya kutia chumvi, mti unajitengenezea jiwe la chokaa katikati ya moyo na kwa nje huoni kitu. Mie mwaka juzi kwenye banda letu Mwanakwerekwe nimepitisha mbao mashineni nikasikia kraa, meno matatu ya msumeno yamekwenda, mwenye mashine akanigeukia mie kama nimetia msumari kusudi. Tukapasua pale tukakuta jiwe kama kokwa ya embe. Tangu siku hiyo mvule naugonga kwanza na nyundo nausikiliza.

#4 mlamu_asili
Ndugu yangu huo ni bambakofi. Huo ungaunga wa manjano kwenye vitundu ndio kitambulisho chake. Huku kwetu Lamu milango ya zamani mingi ni bambakofi na mie nimekulia kwenye karakana ya nakshi, naujua kwa harufu. Sugua na msasa kisha unuse.

#5 KijanaWaMtambwe
@chaza_mkavu simu yenyewe hii, unataka nifanye nini 😂
@mlamu_asili nimenusa. Inanuka ami. Yaani tumbaku, karafuu na samaki.

#6 mkuu_wa_Muheza
Wakuu heshima kwenu. Mnapoteza muda, hiyo ni mninga. Nyekundu kahawia, nzito, haili mchwa, nini tena? Huku bara kitanda cha mninga unarithisha mpaka wajukuu. Ukikata mti wake mbichi unatoa utomvu mwekundu kama damu, ndo maana wengine wanauogopa. Fundi wa Chake yuko sahihi, mpe soda.

#7 FundiRanda
Nyie wa bara kila mbao nyekundu kwenu mninga.

#8 mkuu_wa_Muheza
Na nyie wa visiwani kila mbao ngumu mvule, tumetoka sare.

#9 MaalimWaMimea
Salaam. Kabla hamjagombana, jambo moja. Fundi wa Konde na ndugu yetu wa Lamu wanasema kitu kimoja. Mkongo na mbambakofi ni mti ule ule, kwa kitaalamu Afzelia quanzensis, ule wenye mbegu nyeusi zenye kofia nyekundu wanazotungia shanga. Bara wengi wanasema mkongo, pwani mbambakofi. Kwa hiyo majina si manne, ni matatu.

La pili, FundiRanda kuhusu mawe ni kweli tupu, lakini mvule ukiukata unaanza na umanjano halafu unakwenda kwenye dhahabu mpaka kahawia. Wekundu anaoueleza kijana si wa mvule. Na ukali wa randa haumalizwi na mvule peke yake, msaji pia unamaliza kwa sababu una mchanga laini ndani, na mbao yoyote ilokaa darini miaka kumi na tano na vumbi lake itakumalizia tu.

Kijana fanya hivi. Kata kipande kidogo cha pembe nne, kipime vizuri kwa rula, kakipime uzito kwenye mizani ya duka, utuletee namba. Halafu kichwani mwa mbao (si ubavuni, kichwani, pale nyuzi zilipokatwa) kata na wembe mpya mara moja tu bila kusugua, tia tone la maji, tazama na kioo cha kukuzia. Rangi inadanganya, harufu inadanganya, fundi ndo usiseme.

#10 bi_ukwaju
Mie si fundi lakini nitie neno. Kwetu Makunduchi kizingiti cha mlango wa nyuma kilikuwa cha mfenesi, babu alikata mwenyewe. Ulipokuwa mpya ulikuwa wa manjano kama shokishoki la ndani, sijui niseme kama nini, kama binzari, na miaka ilivyokwenda ukawa mwekundu wa kahawia mpaka wageni wanauliza ni mti gani. Milango mingi ya Mji Mkongwe ni mfenesi watu wanadhani msaji tu. Usiudharau mfenesi.

#11 chaza_mkavu
Shokishoki la ndani jeupe bi dada.

#12 bi_ukwaju
Nimesema sijui niseme kama nini, hukusoma?

#13 sultan_wa_mtaa
Jamani mbona hamuoni lililo wazi. Mbao ya zamani, matundu ya misumari, ami alikuwa mtu wa bandarini. Hiyo ni mbao ya meli ya Sultani, ile Glasgow ilozamishwa na Waingereza. Ilikuwa ya msaji. Watu waliokota mbao zake wakajengea. Kijana una hazina usikate!!

#14 MaalimWaMimea
Glasgow ilizama 27 Agosti 1896 mbele ya Forodhani, Unguja, siku ya vile vita visivyofika saa nzima. Milingoti yake ilibaki imetokeza juu ya maji miaka na miaka, mabaki yakaja kuvunjwa 1912. Pemba imeingiaje?

#15 sultan_wa_mtaa
Mkondo wa maji.

#16 FundiRanda
Mkondo ukapanda dari ukajifunika gunia 😂😂

#17 nahodha_mstaafu
Salaam vijana. Hebu nambieni, hayo matundu manne yamekaaje? Yamefuatana kwenye mstari mmoja au mawili huku mawili huku? Kama yako mawili mawili na nafasi kati yake inalingana hiyo ni ubao wa jahazi, ulipigiliwa kwenye mataruma, mbavu za chombo. Na ile harufu ya samaki usoitaja kwa heshima ni sifa, mafuta ya papa, tulikuwa tunapaka ubavu wa chombo juu ya maji na chini deheni. Sifa ikishaingia kwenye mbao haitoki, utakufa wewe yenyewe inanuka. Mbao za ubavuni zilikuwa za mvule, za mtondoo, za mbambakofi, fundi alitumia alichopata, mataruma ndo ilitakiwa miti ilojipinda yenyewe, mwembe, mkomafi, mingi tu.

#18 KijanaWaMtambwe
Mzee wangu shikamoo. Mawili upande mmoja mawili upande mwengine, lakini nafasi hazilingani, kama mtu kapigilia kwa haraka. Kuhusu sifa, ami alikuwa mchukuzi bandari ya Wete kwanza, halafu akawa mvuvi mpaka mwisho wake, sasa ndani ya nyumba ile hata mto wa kitanda unanuka papa.

Namba hizi. Nimekata kipande sentimita 10 kwa 10 kwa 5. Nimekwenda kwa Mpemba mwenzangu mwenye duka, mizani ya kupimia tambi, gramu 410. Kisha nikakitia kwenye ndoo, kinaelea lakini karibu chote kimezama, kimebaki kama unene wa kidole kidogo juu.

#19 mkuu_wa_Muheza
410 gawa kwa 500 ni 0.82. Hapo mkuu nakubali ni nzito kwa mninga, mninga huwa kwenye 0.65 hivi. Lakini labda haijakauka.

#20 FundiRanda
Darini chini ya bati miaka kumi na tano haijakauka? Mkuu hata wewe ungekuwa kaukau.

#21 MaalimWaMimea
0.82 inautoa msaji na mvule pia, wote hao wanazunguka 0.65. Inakaa vizuri sana na mbambakofi. FundiRanda pole.

#22 FundiRanda
Sijasema kitu. Ila kuna mvule na mvule.

#23 mlamu_asili
Nilisema mimi toka mwanzo. Bambakofi. Nisomeni #4.

#24 KijanaWaMtambwe
Samahanini wakubwa. Nimerudi kupima na rula ya chuma. Unene si 5 ni 4.6, nilisahau kama upande huo nshapiga randa. Mnisamehe.

#25 chaza_mkavu
Hahahaha uzi umevunjika nyuma.

#26 mkuu_wa_Muheza
410 kwa 460 ni 0.89. Sasa tena?

#27 MaalimWaMimea
Sasa tuko juu kidogo. Mbambakofi nzito inaweza kufika huko, haijatoka nje. Lakini mlango umefunguka kwa mingine. Mwavi, kwa mfano, uko kwenye hizo hizo namba na rangi yake ni kahawia nyekundu vile vile, na msitu wa Ngezi hapo hapo Pemba unao. Kijana ulipokuwa unapiga randa ulipiga chafya?

#28 KijanaWaMtambwe
Nilipiga chafya sana. Lakini dari zima lilikuwa kinyesi cha popo.

#29 bi_ukwaju
Mwavi si ndo ule wa kiapo jamani? Watu wa zamani walokuwa wakituhumiwa uchawi wananyweshwa maganda yake, ukitapika huna kosa, ukifa ulikuwa nalo. Bibi akitutisha nao tukiiba sukari. Marfaa ya mwavi mbona itatisha.

#30 MaalimWaMimea
Ndo huo huo. Sumu iko kwenye maganda zaidi, lakini na vumbi la mbao yake linawasha pua na koo, mafundi wanalijua. Kwa marfaa haina neno, hakuna anayeilamba. Kwa mwiko, kinu au kibao cha chapati usithubutu.

#31 chaza_mkavu
Kijana usije ukabadilisha mawazo ukamkatia bi mkubwa kibao cha chapati.

#32 baharia_Mkoani
Nimefatilia kimya kimya. Mie nimefanya kazi kwenye meli za mizigo, Mombasa mpaka Surabaya, na nataka kuwauliza swali ambalo hakuna alouliza. Mtu alokuwa mchukuzi bandarini mbao anaipata wapi? Anaipata bandarini. Meli za mizigo zinakuja na mbao za kulazia mzigo, zile za kutenganisha mzigo na sakafu ya ngama, zikishapakuliwa zinatupwa gatini wachukuzi wanagombania. Na zile za kutoka Asia nyengine ni mbao za nguvu kweli kweli, mtu wa huku hajawahi kuuona mti wake.

Kuna mmoja kule Indonesia wanaita merbau. Nyekundu kahawia, nzito hivyo hivyo, na vitundu vyake vina unga wa manjano. Na huo ni jamaa wa karibu wa mbambakofi, kama mtoto wa ami na mtoto wa ami, ukiwaweka pamoja hata fundi anachanganya. Tafauti moja merbau inatoa rangi kwenye maji balaa, ikinyeshewa mvua kwenye baraza sakafu yote inakuwa kama umemwaga chai. Kijana chukua maranda yako tia kwenye gilasi ya maji usiku mmoja.

#33 mkuu_wa_Muheza
Na hiyo gilasi usiitupe asubuhi! Iweke juani mbele ya kitu cheusi. Mninga maji yake yanatoa buluu, kama mafuta ya taa yakipigwa na jua. Ukiona buluu mniombe radhi wote hapa.

#34 mnunuzi_makini
Habari. Nanunua mbao ngumu za zamani, bei nzuri, taslimu. Njoo inboksi.

#35 FundiRanda
Huyu ndo nilikuwa namngoja. Kijana ukiona mtu ananunua kitu bila kujua ni nini, jua anajua ni nini.

#36 baharia_Mkoani
Na kama unataka kuitoa nje ya nchi mnunuzi, toka ule mkutano wa Panama Novemba 2022 mbambakofi na mninga wa Afrika ziko kwenye orodha ya kimataifa, zinataka kibali. Basi utuambie umenunua mti gani, maana sisi wenyewe hatujui 😂

#37 KijanaWaMtambwe
Matokeo. Maji yamekuwa chai ya rangi. Si nyepesi, chai ya msiba. Nimeweka juani juu ya kitambaa cheusi cha bi mkubwa nikazunguka kama mpiga ramli, buluu sikuiona. Kidole changu kimebaki na rangi ya manjano kidogo nikikisugua.

Jengine. Leo nimepiga randa upande wa pili nikaona kama kuna alama imechomwa kwa moto, sikuitambua mpaka nshaikwangua nusu yake. Imebaki kama suke la mpunga au ngano limesimama, pembeni herufi I, inayofata imeondoka na randa, chini namba hazisomeki na mwisho HT.

#38 nahodha_mstaafu
Lo, mwanangu.

#39 baharia_Mkoani
ALAHAMDULILAH. Si niliwaambia! Hiyo ni alama ya mbao za kufungia mizigo, iko dunia nzima, suke la ngano, herufi mbili za nchi, namba ya kiwanda na namna ilivyouliwa wadudu. HT maana yake imepashwa moto mpaka kiini kimefika nyuzi 56 kwa dakika 30. Kanuni yenyewe imepitishwa 2002, kwa hiyo mbao hii imeingia bandarini baada ya hapo, si ya jahazi la zamani, si ya Glasgow. Na herufi ya kwanza ni I. Indonesia ni ID. Merbau. Nimemaliza.

#40 mlamu_asili
India ni IN. Italia ni IT. Iran IR. Umemaliza nini?

#41 MaalimWaMimea
Na hiyo alama haisemi mti, inasema wadudu wamekufa. Tena haisemi mbao imeota wapi, inasema imetibiwa wapi. Nchi moja inaweza kununua magogo kwa mwenzake ikapasua na kupiga muhuri wake. Umanjano kwenye kidole, hiyo mbambakofi anafanya. Maji ya kahawia, hiyo merbau anafanya zaidi. Kwa kweli hapa nnasita. Kile kioo cha kukuzia vipi?

#42 sultan_wa_mtaa
Muhuri unaweza kupigwa kwenye mbao ya zamani pia. Nasema tu.

#43 FundiRanda
Sultan wewe ungekuwa wakili.

#44 KijanaWaMtambwe
Kioo sina, nimetumia lenzi ya miwani ya bi mkubwa nikaiweka mbele ya kamera ya simu. Kichwani mwa mbao vitundu vimetawanyika kila mahali, havijapangwa mistari, na kila kitundu kimezungukwa na kitu cheupe chenye umbo la jicho, yaani kama macho mengi yamelala. Weusi wa misumari nimeukwangua, umeingia ndani kama robo inchi.

#45 MaalimWaMimea
Ahsante, kazi nzuri kwa miwani ya mama. Vitundu vilivyotawanyika sawa sawa, msaji tumuage rasmi, yeye vitundu vikubwa hujipanga kufata duara la mwaka. Macho yenye pembe, hiyo ni familia ya mbambakofi. Bahati mbaya na merbau anayo hayo hayo macho, na hata mvule anayo ya kwake. Weusi ni chuma kukutana na maji makali ya mti, ile ile kanuni ya wino wa zamani, miti mingi inafanya. Ukitaka jibu la kukata, kipande kiende SUA, chuo kikuu cha kilimo Morogoro, kule kuna watu wa misitu wanakata ugozi mwembamba kama wa kitunguu wanatazama kwa hadubini.

#46 FundiRanda
Neno mvule nimelisikia, mmesikia wote? "Hata mvule anayo."

#47 mfanya_marfaa
Nyote mmesahau alichouliza. Hakuuliza jina, kauliza itapasuka au haitapasuka.

Mie marfaa nimefanya kama thalathini hivi kwa mikono. Ubao mmoja, unaupasua kwa unene kutoka juu ukija kati na kutoka chini ukija kati, unaacha vidole vya katikati havijaguswa, halafu vile vidole unavichonga kwa juba na patasi nyembamba kimoja kimoja mpaka vinazunguka ndani ya vyenzake, ubao unafunguka wenyewe kama kitabu. Siku ukisikia ule mlio wa kwanza wa kuachia utasahau njaa. Sasa kidole kikiwa na nyuzi zilonyooka kinashika miaka mia, kikiwa na nyuzi zilosokotana kinakatika mkononi siku ya mwisho, na siku ya mwisho ndo inayouma. Iwe mbambakofi, merbau, mvule au mlango wa Peponi haijalishi.

Chukua kile kipande chako cha sentimita 10, kisimamishe, kipige panga mara moja kufata nyuzi. Kikipasuka sawa kama muwa unayo marfaa. Kikipasuka kama meno ya papa, usifanye vidole vyembamba, fanya vinne vinene tu, na unene wote wa inchi mbili uuache pale kati.

#48 nahodha_mstaafu
Huyu sasa fundi.

#49 KijanaWaMtambwe
Nimepiga panga. Nusu muwa nusu papa. Upande mmoja imenyooka, upande wa pili imezunguka kwenda kushoto.

#50 mkuu_wa_Muheza
Mninga huwa hivyo.

#51 mlamu_asili
Bambakofi huwa hivyo.

#52 FundiRanda
Mvule ndo kazi yake hiyo, kusokotana.

#53 chaza_mkavu
Nafunga mkanda.

#54 mfanya_marfaa
Kata upande wa muwa. Upande wa papa uweke, utatoa vishikio vya visu.

#55 KijanaWaMtambwe
Wakubwa kuna jambo. Jana usiku nimemuonesha bi mkubwa ile mbao, maana mpaka jana nilimficha nilitaka iwe zawadi, nikamuuliza tu ami aliipata wapi. Kaishika akakaa kimya. Akanambia hiyo ni mbao ya meli, hivyo ndivyo ami alivyokuwa akiiita, mbao ya meli, aliibeba kichwani toka bandarini siku moja akamwambia shemeji hii ni kiunza changu, mbao ya kunifunikia kaburini. Alipigilia vipande viwili chini yake ili isipinde, ndo matundu yale. Alijipima mwenyewe kwa urefu. Na siku alipofariki ilikuwa mchana wa Ijumaa, haraka, vijana wakenda kununua mbao nyengine, bi mkubwa yuko ndani na wanawake hakuna alomuuliza, mpaka alipokumbuka watu wanarudi makaburini.

Nikamuuliza sasa niifanye nini. Kasema nyie mlojua kusoma muulizane.

#56 bi_ukwaju
Inna lillahi. Nimesoma hii mara mbili.

#57 nahodha_mstaafu
Allah amrehemu. Futi sita kasoro, na mtu mfupi. Nilijiuliza hiyo toka mwanzo, nikanyamaza.

#58 FundiRanda
Allah amuweke pema. Kiunza cha mbao ya nguvu namna hiyo, mzee alijipangia haswa, mchwa wangekaa nje wakingojea. Kwetu kiunza ni mbao yoyote ya mkokoteni.

#59 sultan_wa_mtaa
Mie naona isikatwe. Iwe wakfu, iwekwe msikitini, atakayekufa mwengine ipelekwe.

#60 mfanya_marfaa
Na mie naona ikatwe. Msahafu utasomwa juu yake kila siku na yeye thawabu zinamfika, huko chini ya udongo ingefanya nini. Lakini mie nafanya marfaa, nitasema nini kingine.

#61 bi_ukwaju
Muulize mama tena, akiwa hajakasirika. Maneno yake yale si jibu.

#62 baharia_Mkoani
Mbao ya meli lakini kasema. Tuweke hilo kwenye kumbukumbu.

#63 mlamu_asili
Meli inaweza kubeba bambakofi.

#64 KijanaWaMtambwe
Bi mkubwa kanijibu asubuhi bila kuulizwa. Kasema herufi nilizozikwangua nizirudishe, akacheka. Halafu kasema fanya, lakini ile alama ya suke ilobaki usiitoe, ikae upande wa nje. Nshachora mistari kwa kalamu upande wa muwa, vidole vinne. Msumeno wangu mbovu, nimekwenda kuazima Konde kwa yule fundi wa vespa. Kaniuliza umeuza bei gani.